Mdomo wa Kubariki

9 Oktoba

Naitwa Muthama wa Mulinge, mtu wa Kyuso. Mama Kaveke, mwenye hii nyumba, amesema kila mtu aandike kila siku kile kiko moyoni mwake. Wengine hapa wanachora ng'ombe tu. Mimi naandika, kwa sababu nilisoma ngumbaru nikiwa mtu mzima, na mwalimu alisema hajaona mzee wa kushika herufi haraka kama mimi. Kiko nini moyoni? Njaa. Na joto ya Makindu.

10 Oktoba

Wacha nieleze vile nilifika, mtu asije akasema niliokotwa. Nilitoka kwetu na mbuzi nikaja kuziuza Kibwezi. Niliuza vizuri, mimi ni mtu wa kuuza. Pesa ikaisha kwa njia zake. Nikajikuta Makindu, nakula kwa hekalu la Makalasinga, maana wale hawaulizi mtu dini yake kabla ya kumpa chakula, na nalala kwa baraza la duka. Mama Kaveke akanikuta hapo, miguu imevimba. Alikuwa nesi kabla hajastaafu. Akaniambia, "Mzee, twende ulale kwa kitanda." Niliona kanisa lao limempa shamba kubwa na hana mtu wa kulijua, basi nikakubali kwenda kumsaidia.

Ndiyo nilisema hivyo kwa wote: mimi nilikuja kusaidia. Hawa wengine ndio walevi, waliletwa hapa waache pombe.

13 Oktoba

Tumepanda ndengu kwa vumbi, kabla mvua haijaja, vile inatakiwa. Niliwaonyesha umbali wa mashimo. Musembi, huyo tunalala naye chumba kimoja, alikuwa turniboi, utingo wa malori barabara ya Mombasa. Hajui jembe. Anashika kama mtu anashika nyoka.

16 Oktoba

Musembi ni mwoga. Njia ya kwenda kusaga unga ni fupi, inapita kwa boma la mama mmoja anayetengeneza kaluvu, pombe yetu ya kienyeji. Musembi haipiti. Anazunguka mbali, kwa reli ya zamani, na gunia kwa kichwa, jua likiwaka. Nikamuuliza, "Wewe kijana, mwanaume mzima unaogopa njia?"

Akasema, "Ndiyo, mzee."

Hata hakuona haya. Mimi napita hapo kila siku na nawasalimia.

19 Oktoba

Hakuna mvua. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaenda.

22 Oktoba

Leo ni furaha. Jumapili Mama Kaveke huwa anatupa simu yake tuongee na watu wetu, na mimi nilipiga kwa binti yangu Kalekye. Ni mmoja tu huyo, na mama yake yuko mchangani. Amepata mtu. Kiema, fundi wa pikipiki kule Mwingi, mtu wa kazi. Tarehe ishirini na nane Disemba watu wa Kiema wataleta mbuzi za ntheo. Kwetu Ukambani, mbuzi hizo zikichinjwa kwenu, msichana ameolewa. Kanisa linakuja baadaye, serikali pia, lakini ntheo ndiyo ndoa.

Na kwa ukoo wetu baba ndiye anafunga. Anapewa kibuyu cha uki, pombe ya asali, anashika mdomoni, anakaa nayo, halafu anawapulizia binti na bwana yake kifuani. Hiyo ndiyo baraka. Baba asipopuliza, msichana anaenda bila kitu.

Nikamwambia Kalekye, "Nitapuliza mpaka wakwe washike kofia."

Akanyamaza. Nilidhani simu imekata.

24 Oktoba

Mvua! Imekuja mchana, kubwa. Nilisimama nje kama mtoto. Niliwaambia itakuja wiki hii.

29 Oktoba

Ndengu zimetoka. Za mistari yangu zimenyooka. Za Musembi zinaenda kama mtu ametoka kilabuni. Nilimwambia hivyo akacheka. Hakasiriki huyo.

1 Novemba

Nimemweleza Mama Kaveke habari ya ntheo. Aliacha kukunja shuka.

"Mzee Muthama, utashika pombe mdomoni?"

"Kushika si kunywa."

"Nani amekwambia?"

"Mdomo wangu ndio umeniambia. Ni wangu."

Hakubishana. Hiyo ndiyo shida ya huyu mama, habishani. Mke wangu angebishana, ningejua nimeshinda.

2 Novemba

Nimeanza mazoezi nyuma ya nyumba ya kuku. Nachukua maji, nashika mdomoni, napita mbele ya kuku wote polepole, halafu napuliza. Sauda, mpishi wetu, mama Mwislamu wa Mwingi mwenye mdomo mkali, akanikuta.

"Mzee wangu, kuku wamekukosea nini?"

"Nawabariki."

"Basi wabariki watage. Wiki nzima nawaangalia tu."

Nikamweleza. Akaweka ndoo chini. "Maji hayana shida, mzee. Nani anatamani maji na imenyesha? Kesho nitakupa chai ya maziwa, sukari ya kutosha. Ukishika hiyo bila kumeza, nitakuja Kyuso mwenyewe nikupigie vigelegele."

3 Novemba

Chai nilimeza. Lakini ilikuwa chai nzuri sana. Hiyo haihesabiki.

6 Novemba

Mvua usiku na mchana. Palizi.

7 Novemba

Palizi.

11 Novemba

Kyule amepiga simu, ndugu yangu mkubwa. Anapanga kila kitu kule nyumbani. Asali imepatikana, kibuyu cha baba yetu kimetolewa kwa dari. "Wazee wanauliza kama utakuja na miguu yako au utabebwa," akasema.

Nikamwambia awaambie nitakuja na miguu, na viatu.

15 Novemba

Leo nilishika soda. Nilipita kuku wote, nikarudi, nikapita tena. Nikapuliza yote. Sauda alipiga makofi. Musembi aliangalia chini tu. Nikamuuliza mbona hafurahi na mwenzake.

"Soda haijawahi kunipiga, mzee," akasema.

Ni wivu. Yeye hana binti wa kuolewa.

23 Novemba

Siku nyingi sijaandika. Mama Kaveke amesema nisiandike kama sitaki. Sasa nataka, ndiyo mtu asiandike kwa niaba yangu.

Jumamosi nilienda kusaga unga. Nilipita njia fupi kama kawaida. Wale watu walikuwa wamekaa chini ya mabati, mvua inagonga, na kaluvu ilikuwa imeiva, nikainusia barabarani. Nikasimama nikafikiria: maji nimeweza, soda nimeweza. Mtu hawezi kwenda siku kubwa hajajipima na kitu chenyewe. Hata mbuzi ya kuuza unaipima kabla ya soko. Nikaingia nikawaambia, "Nipeni kikombe. Sinywi. Nataka kushika tu."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwa kiti. Lakini walinipa.

Nilishika. Haki ya Mungu nilishika. Nilisimama mbele yao mashavu yamejaa, na walinyamaza wakaniangalia, na nilijiona niko Kyuso, kofia yangu kichwani, Kalekye amepiga magoti. Nikavuta pumzi kwa pua ndiyo nipulize. Halafu koo likafunguka lenyewe. Mimi sikulifungua. Lilifunguka kama mlango umesukumwa na upepo, na ile kitu ikashuka yote, na kifua kikawa moto, na nikakumbuka kila kitu kizuri nilichowahi kupata duniani.

"Mzee, umetema wapi?" wakaniuliza.

Nikasema hiyo ya kwanza haihesabiki.

Baada ya hapo sijui vizuri. Unga sijui ulienda wapi. Jumapili ilipita. Sauda ndiye amenieleza vile nilirudi, kwa sababu Musembi mwenyewe hasemi.

Mama Kaveke alikuwa ameenda Kibwezi na mgonjwa. Musembi alisikia kwa watu wa reli kwamba niko kwa lile boma, nimelala kwa tope. Alichukua wilibaro ya mbolea. Na hakuzunguka. Alipita ile njia fupi, yeye, peke yake, akaingia mpaka ndani. Sauda alimfuata nyuma akamuona. Anasema alitetemeka mpaka gurudumu likawa linapiga kelele. Walimwambia, "Karibu, kijana, toa baridi," na mmoja akamwekea kikombe kilichojaa kwa ukingo wa wilibaro. Musembi hakuachilia vishikio. Sauda aliona vidole vyake vimekuwa vyeupe. Walinipakia wao wenyewe kwa kicheko, na yeye akasukuma, na kikombe kikaanguka kikanimwagikia mimi. Hakuachilia mikono mpaka akafika kwa geti yetu. Halafu akakaa chini akatapika, na hakuwa amekula kitu.

Nimeandika yote. Mimi ni mtu wa mifupa mizito, najua hakusukuma kwa urahisi.

24 Novemba

Mama Kaveke hakunifukuza. Nilimwambia anifukuze. Akasema, "Kitanda chako kiko pale, mzee. Shuka nimebadilisha." Akaenda.

26 Novemba

Nimepiga simu kwa Kyule. Sikumwambia habari. Nilimuuliza tu kama wazee wanaweza kukubali maziwa.

"Maziwa ya nini?"

"Ya kupuliza."

"Muthama, unataka wakwe waseme tumewapa msichana na maziwa kama mtoto wa paka?"

"Uji basi."

"Uji!" Akamwita mtu kando yake. "Njoo usikie, Muthama anataka kubariki na uji." Nikawasikia wanacheka. Halafu akarudi na sauti ya chini. "Ndugu yangu, wewe ni mzima?"

Nikasema mimi ni mzima kuliko yeye.

30 Novemba

Mvua. Ndengu zimetoa maua. Palizi ya pili mimi na Musembi. Nilimrekebishia jembe, nikaingiza mpini vizuri. Sasa analishika.

9 Disemba

Kalekye amekuja. Ametoka Kyuso jana, akalala Mwingi kwa rafiki yake, akafika hapa mchana. Ameniletea muthokoi, mahindi ya kukoboa, ile ya mbaazi, vile mama yake alikuwa anapika, bado ina joto ndani ya kitambaa. Tulikaa kwa benchi la jikoni. Sauda akatuachia.

"Umenona, baba."

"Ni kazi. Hapa mimi ndiye nasimamia shamba."

"Nimeambiwa."

"Umeambiwa nini kingine?"

Alikuwa anakunja kitambaa, anakunjua. "Nimekuja kukuomba kitu, na nakuomba usikasirike."

"Baba wa bibi harusi hakasiriki."

"Usikuje."

Nilidhani anamwambia kuku aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Siku ya ntheo, baba. Usikuje. Nakuomba."

Nikamwambia anajua anasema nini? Nani atampulizia? Akasema baba Kyule atasimama. Nikamwambia watu watasema babake amekufa.

"Wacha waseme. Mimi nitajua hujakufa."

"Nimefanya mazoezi," nikasema. "Uliza Sauda. Maji, soda, nashika zote."

"Baba." Alishika mkono wangu, na tangu awe mkubwa hajanishika mkono. "Siku ya kumzika mama ulikuwa hapo na hukuwa hapo. Udongo ulitupwa na mimi nikiwa nyuma ya maboma nakutafuta. Sikumuona akishuka. Siku yangu sitaki tena kukutafuta. Nataka nikae na wageni wangu, nijue uko mahali fulani, umekula, uko sawa. Hiyo ndiyo nataka unipe."

Sasa nitaandika kile nilisema, maana Mama Kaveke amesema tuandike cha moyoni. Nilitoa mkono wangu. Nilimwambia, "Basi nenda uolewe kama mtoto wa kuokotwa." Muthokoi nikasukuma mbali.

Alifunga kitambaa chake akasimama. Hakulia mbele yangu. Sikumsindikiza. Musembi ndiye alimpeleka barabarani, kwa njia ndefu.

10 Disemba

Sina la kuandika.

11 Disemba

Sauda alipasha ile muthokoi akaniwekea. Nilikula. Chumvi ilizidi kidogo.

15 Disemba

Mvua imeisha. Anga ni kama sahani imeoshwa.

20 Disemba

Ndengu za chini zimeanza kuwa nyeusi. Zikikaa sana zitapasuka zimwagike. Nimewaambia tuanze kuchuma tarehe ishirini na nane. Mama Kaveke ameniangalia. "Tarehe hiyo utakuwa hapa?" Nikasema ndengu haziulizi nani yuko.

25 Disemba

Krismasi. Chapati na kuku, yule ambaye hakutaga. Mchungaji amehubiri kirefu. Nilifikiria koo langu wakati wote.

26 Disemba

Nimemwambia Mama Kaveke naenda. Binti ni wangu. Hakuna mtu amezaliwa wa kunizuia kwenda kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Akasema, "Geti haina kufuli, mzee. Haijawahi kuwa nayo. Nikufulie shati?"

27 Disemba

Niliondoka asubuhi, shati limepigwa pasi. Musembi alinibebea mfuko. Tulipofika pale njia inagawanyika, alisimama kunisubiri nichague. Nikashika ya reli. Ni ndefu kweli. Sijui vile alikuwa anaibebea gunia.

Stejini basi la Kitui lilikuwa linaita watu. Kondakta alishika mfuko wangu, nikaunyakua. Nikamwambia angoje. Nikamuuliza Musembi, "Ukiwa ni wewe, kijana. Unapewa kibuyu, watu wote wanakuangalia, binti yako amepiga magoti. Utashika?"

"Siwezi kushika hata tone, mzee."

Alisema vile mtu anasema hana kalamu. Hakujificha. Na mimi miezi yote hii nimemwita mwoga. Niliuza mbuzi maisha yangu yote, na muuzaji wa kweli ni yule anaitazama tu na kujua uzito, habebi kwanza ndiyo ajue. Musembi anajua uzito wa ile kitu kwa macho. Mimi nilikuwa bado nataka kubeba.

Kondakta akapiga bodi ya basi. "Mzee, unaenda ama unahubiri?"

Nikamwambia aende.

Nilikaa kwa jiwe. Musembi akaomba simu ya mama mmoja wa maembe, nikampigia Kyule.

"Uko wapi? Umefika Mwingi?"

"Simama wewe," nikasema.

"Nini?"

"Kesho. Simama wewe, upulize wewe."

"Wakiniuliza uko wapi nitasema nini?"

"Sema niko shambani, navuna. Si uongo."

"Muthama."

"Na usimeze," nikamwambia. "Ukoo utakuona."

Hapo akacheka kidogo, halafu hakucheka, na nikamrudishia mama simu yake.

28 Disemba

Tumeingia shambani mapema, kabla jua halijakausha maganda yakaanza kupasuka. Watu wote wa nyumba, hata Sauda. Mimi na Musembi mstari mmoja, yeye kushoto.

Kalekye alipiga kwa simu ya Mama Kaveke saa nane. Sikuongea naye vizuri, yeye pia hakuongea vizuri. Nilimwambia ile maneno ya benchi si maneno. Akasema anajua. Akasema, "Nitaacha simu wazi mfukoni, baba. Usiongee, sikia tu." Mama Kaveke alinipa ile simu mkononi akaondoka.

Nilisikia mbuzi. Nilisikia akina mama wakiimba, na mtoto wa mtu akilia, na kisu kikinolewa kwa jiwe. Nilijua sauti karibu zote. Nilikuwa nimesimama katikati ya ndengu na simu kwa sikio, na watu wa mistari mingine wakaacha kuchuma.

Halafu wakanyamaza kule, nikajua kibuyu kimetoka. Mzee wa ukoo akaita. Baba anaitwa jina kabla ya kupewa, na anayesimama kwa niaba yake anaitika kwa jina hilo hilo, maana baraka inatoka kwa jina, haitoki kwa mtu mwingine.

"Muthama wa Mulinge yuko?"

"Niko," nikasikia. Ilikuwa sauti ya Kyule. Sisi sauti zetu zinafanana, watu husema hivyo.

Mara ya pili. "Muthama wa Mulinge yuko?"

"Niko," akasema Kyule.

Mara ya tatu nilisema na mimi. Nilisema kwa nguvu, "Niko!" Musembi aligeuka. Lakini kule nilikuwa ndani ya mfuko wa nguo mpya, na hakuna mtu aliuliza hiyo ni sauti ya nani.

Kukawa kimya tena. Nilijua sasa Kyule amejaza mashavu. Nikafunga mdomo wangu. Haukuwa na kitu. Nikashika, nikashika, pumzi kwa pua, Musembi ameshika mfuko wa ndengu akinitazama usoni, mpaka nikasikia huko Kyuso ule upepo wa kupuliza na akina mama wakapasua vigelegele, na binti yangu akacheka karibu kabisa na sikio langu.

Na mimi nikapuliza. Ilitoka hewa tu, ikaangukia ndengu.